Sura ya Mtoto Si Chambo cha Sadaka



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, makatekista, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, wazazi na vijana wa Gorong'a na vigango jirani:

Kipeperushi hiki kinahusu jambo ambalo wengi wetu tumeliona na wachache wamethubutu kulisema. Ni jambo la picha na habari za watoto wetu, hasa mabinti waliokimbia kukeketwa, zinazosambazwa huku na huko ili kuomba fedha kwa jina la Kristo. Hatuandiki ili kumshitaki mtu. Tunaandika kwa sababu jambo hili linatendeka kati yetu, mara nyingi kwa nia njema, na nia njema peke yake haijawahi kumkinga mtu na madhara. Tutafuata utaratibu tuliouzoea katika jumuiya zetu, yaani kuona, kuamua na kutenda.

1. KUONA: Tuangalie hali yetu ilivyo

Kata yetu ya Gorong'a iko wilayani Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, na inapakana na Hifadhi ya Serengeti. Mtu wa mbali akisikia jina la Tarime hukumbuka mara moja mambo matatu: ng'ombe, mapigano ya koo na ukeketaji. Kwamba tunalima mahindi na mihogo, kwamba tunasali, kwamba tunasomesha watoto na kuzika wafu wetu kwa heshima, hayo hayamfikii.

Hata hivyo tusijidanganye. Habari ya ukeketaji si uzushi wa maadui. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 28 katika kila 100, wakati kwa taifa zima walikuwa 8. Tumepiga hatua, lakini ni hatua ya mtoto. Na hayo yanatokea ingawa tangu mwaka 1998 sheria ya nchi inamhesabu mkeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18, pamoja na mlezi anayemtoa akeketwe, kuwa mkosaji anayestahili kifungo.

Kila mmoja wetu anaujua mwezi wa Desemba wa mwaka wa saro. Anajua ngoma zinapoanza, na anajua ni nyumba zipi ambamo binti halali usingizi. Binti anayekataa huitwa omosagane, tena kwa dharau, na wenzake humcheka kisimani. Ndipo wengine wanapokimbia usiku kwa miguu, kupitia mashamba na mito, kutafuta mahali pa kujisitiri. Tunamshukuru Mungu kwamba pako mahali. Hapa kwetu Masanga, tangu mwaka 2008, mabinti hupokelewa, hufundishwa, na husindikizwa kuingia utu uzima bila kisu. Upande wa Serengeti, mjini Mugumu, Nyumba Salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya ndugu zetu Waanglikana.

Kazi ya namna hiyo inadai fedha. Mabinti wanahitaji unga, maharage, magodoro, sabuni, dawa, ada na nauli ya kuwarudisha nyumbani wakati wa kupatanishwa na wazazi. Fedha hizo hazitoki mawinguni. Kuziomba si aibu, na kuziomba kwa watu wa mbali si dhambi. Kanisa limefanya hivyo tangu siku za Mitume.

Tatizo letu liko katika namna ya kuomba. Binti anafika amechoka, miguu imevimba, hajala tangu jana. Kabla hajapata hata kikombe cha uji, kuna mtu aliyekwisha kumwelekezea simu usoni. Anaulizwa jina, kijiji, jina la baba, ni nani aliyetaka kumkeketa, na mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Anapoanza kulia, hapo ndipo picha inapohesabiwa kuwa nzuri. Siku hiyohiyo sura yake na habari zake zote zinapelekwa kwa maelfu ya watu wasiomjua, na chini yake pamewekwa namba ya kutumia fedha.

Mwandishi wa kurasa hizi aliliona jambo la jamaa na hilo katika kigango chake mwenyewe. Wageni walikuja baada ya Misa, wakawagawia watoto biskuti, wakawapanga mstari, wakawapiga picha. Tuliwashangilia na kuwaimbia, kwa maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Miezi kadhaa baadaye kijana wetu anayefanya kazi Mwanza alitumiwa picha ile katika simu yake. Mtoto wa dada yake alikuwa katikati, na maandishi yalisema kwamba ni yatima asiye na mtu wa kumlisha. Baba yake na mama yake walikuwa hai. Siku ya picha walikuwa kanisani pamoja nasi, na baba ndiye aliyewabebea wageni mizigo. Mzee yule alipoonyeshwa picha hakugombana na mtu. Alisema tu, «Kumbe nilikwisha kufa.» Tangu siku hiyo hakuja tena mikutano ya jumuiya kwa muda mrefu.

Tunauliza: ni Injili gani hiyo inayomzika mzazi aliye hai ili ipate sadaka?

2. Picha ya leo hurudi nyumbani

Watu watasema: wamisionari walipiga picha, wakaandika barua kwao, wakajengewa shule na zahanati, mbona hamkulalamika? Ni kweli. Mapadre wa Maryknoll walipofika Musoma mwaka 1946, shirika lao lilikuwa na gazeti lililoanzishwa mwaka 1907, na habari za misioni za mbali ziliwafikia wasomaji wa Marekani kwa njia hiyo. Madarasa ambamo baadhi yetu tulijifunza kusoma yalijengwa kwa sadaka za watu hao, na hatuna budi kuwaombea.

Lakini zama hizo picha iliyopigwa Tarime ilikwenda kwa meli na haikurudi. Aliyepigwa picha hakukutana kamwe na msomaji wa Chicago, wala jirani yake hakuiona. Leo mambo ni mengine. Msomaji wa ng'ambo na mjomba wa binti wana simu za aina moja. Picha inayotolewa jioni ili kuwagusa wafadhili, asubuhi iko mikononi mwa kijana wa Sirari, mfanyabiashara wa Migori ng'ambo ya mpaka, na yule ndugu wa baba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari. Kituo kinajenga ukuta, kinaajiri mlinzi, kinafunga lango kwa kufuli. Kisha picha moja inawatangazia wote kwamba binti fulani wa fulani yuko humo ndani. Sasa kufuli ina kazi gani?

Wala hatari haikomi msimu ukipita. Binti yule Mungu akimjalia atasoma, atakuwa muuguzi au mwalimu, ataolewa, atazaa. Je, siku wanafunzi wake watakapoikuta picha aliyopigwa akiwa na miaka 12, akilia, pamoja na maelezo ya mambo ya siri ya mwili wake, nani atakuwa pale kumtetea? Mfadhili atakuwa amesahau. Aliyepiga picha atakuwa amehama. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini binti huyu si maiti, na sisi tuliokabidhiwa kumwosha majeraha hatuna ruhusa ya kuitembeza aibu yake sokoni.

3. KUAMUA: Neno la Mungu linasemaje?

Tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Binti Yairo alikuwa na umri wa miaka 12, umri uleule wa mabinti wetu wengi wanaokimbia. Bwana alipofika nyumbani alikuta umati na makelele. Alifanya nini? Aliwatoa wote nje. Akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu tu. Akamshika mkono binti, akamwinua. Kisha akatoa maagizo mawili: mtu yeyote asijue habari hiyo, na binti apewe chakula. Ndugu zangu, lipitieni tena tukio hilo polepole. Muujiza ule ungeweza kumpatia Bwana sifa ya nchi nzima. Yeye alifunga mlango. Sisi tunaufungua mlango, tunawaita watu waje kutazama, na chakula tunakiahirisha hadi picha ipatikane.

Tusome pia Mwanzo sura ya 9. Nuhu alipolala uchi hemani, mwana mmoja aliona akatoka kwenda kutangaza. Wana wengine wawili walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Maandiko yanatuambia ni akina nani waliobarikiwa. Uchi wa maskini ni dhiki yake. Mkristo anayeukuta ana wajibu wa kutafuta nguo.

Na Bwana alipofundisha juu ya sadaka katika Mathayo sura ya 6, aliamuru mtoaji asipige tarumbeta. Tumezoea kulielewa neno hilo kwa ajili ya unyenyekevu wa mtoaji. Lakini lina faida kwa mpokeaji pia. Tarumbeta inayomtangaza anayetoa humtangaza vilevile anayepewa.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere, Mkristo mwenzetu kutoka Butiama mkoani humu, aliwahutubia Masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaeleza kwamba, ikiwa binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, yeye hakuweza kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga, mwoga na mnyonge. Kwa hiyo hali inayomweka binadamu katika unyonge huo inapingana na mpango wa Muumba. Tunaongeza neno moja la kwetu. Ukeketaji unaharibu sura hiyo ya Mungu katika binti. Tukimtoa katika kisu na kuanza kuuza machozi yake, tumeiharibu sura hiyohiyo mara ya pili, safari hii kwa mikono iliyobatizwa.

4. Hoja za wasiokubaliana nasi

Hoja ya kwanza: «Kanisa linatuagiza kutumia vyombo vya upashanaji habari.» Hilo hatulipingi hata kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu vyombo hivyo, ulivitambua kuwa ni zawadi, na Papa Paulo wa Sita mwaka 1975 alifundisha kwamba Kanisa lingejiona lina hatia mbele ya Bwana lisipovitumia kuhubiri. Sisi pia tunasema: vitumieni! Fundisheni katekesi kwa njia ya simu, wafarijini wagonjwa walio mbali, watangazieni vijana waliotawanyika mijini ratiba na Neno la Jumapili. Lakini Mtaguso huohuo ulidai kwamba wanaovitumia vyombo hivyo washike sheria ya maadili. Zawadi ya moto hupikia chakula, na huunguza nyumba.

Hoja ya pili: «Bila picha ya kuumiza moyo, fedha haziji.» Tunajibu kwa Mtume Paulo. Yeye alichangisha fedha katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Someni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9. Hamtaona humo jina la hata mmoja wa wenye njaa, wala maelezo ya mbavu zake. Paulo aliwakumbusha Wakorintho neema ya Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu. Akawaeleza mfano wa Wamakedonia waliotoa katika ufukara wao. Akawahakikishia kwamba fedha zitashughulikiwa kwa uaminifu. Sadaka ilipatikana. Anayesema kwamba haiwezekani leo, anawadharau waamini wa ng'ambo, kana kwamba mioyo yao haifunguki ila kwa kutazama mtoto wa Kiafrika akilia.

Hoja ya tatu: «Binti mwenyewe alikubali.» Alikubali wapi? Alikubali akiwa amelala chini ya paa lako, akila ugali wako, akijua kwamba ukimfukuza hana pa kwenda ila kwa ngariba. Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya mwenye chungu si ridhaa kamili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaagiza kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie. Haisemi maslahi ya mradi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamzuia mtu kukusanya habari za mwenzake kwa kusudi moja na kuzitumia kwa kusudi jingine. Habari alizozitoa binti ili aokolewe hazikutolewa ili zipambe barua ya maombi ya fedha.

Hoja ya nne: «Uovu lazima ujulikane, kunyamaza ni kuwasaidia mangariba.» Hoja hii ni nzito kuliko zote, na tunaiheshimu. Ni kweli, kunyamaza ni dhambi. Lakini tujulishe nini? Tuutangaze uovu wenyewe: takwimu zake, madhara yake kwa mzazi anapojifungua, fedha na ng'ombe vinavyouendesha, kesi zinazokufa kwa sababu mashahidi wametishwa, na viongozi wanaofumba macho msimu wa kura unapokaribia. Wanaopaswa kusimama hadharani ni watu wazima: baba aliyekataa binti yake akeketwe, ngariba aliyeweka kisu chini, mzee wa mila aliyesema imetosha mbele ya ritongo. Hao waombwe, na wakiridhia wapigwe picha, maana wanajua wanachokifanya. Ajabu yetu ni kwamba tunamficha mkeketaji ili tusivuruge amani ya ukoo, na tunamweka wazi aliyekimbia kukeketwa.

Tena tunao ushahidi kwamba ufundi wa kisasa unaweza kuokoa bila kumfichua mtu. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, kwa mpango uitwao Crowd2Map, wamekuwa wakichora ramani za vijiji na njia za Tanzania, zikiwemo za Serengeti, ili waokoaji wasipotee usiku wanapomfuata binti aliyeita msaada. Mtu aliye Uingereza anakaa mezani kwake, anachora njia ya kijiji asichokijua, na binti anafikiwa. Hakuna uso ulioonyeshwa, hakuna jina lililotajwa, na msaada umefika. Hiyo ni sadaka ya saa na ya macho, na inafuata vema amri ya kutoa kwa siri.

5. Hesabu nazo ni haki

Katika kuomba kuna upande wa pili usiosemwa: fedha zikija, zinakwenda wapi? Hatusemi kwamba kila anayechangisha ni mwizi. Tunasema kwamba hata mtu mwaminifu anahitaji kulindwa na utaratibu. Mtume Paulo hakubeba sadaka ya Yerusalemu peke yake. Alisindikizwa na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, na akaeleza sababu: asipate mtu wa kumlaumu, kwa kuwa alitaka kutenda yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Kama Paulo alihitaji wasindikizaji, ni nani kati yetu asiyewahitaji?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 iko wazi, na inafaa kila kiongozi wa walei aijue. Kanuni ya 1265 inamkataza mtu binafsi kuchangisha fedha kwa ajili ya kazi ya Kanisa bila ruhusa ya maandishi ya Askofu. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu; iliyotolewa kwa magodoro isigeuke kuwa pikipiki. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa. Na kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na halmashauri ya fedha.

Sasa tupime. Mtu anaweka namba ya simu yake mwenyewe, anaomba kwa jina la watoto wa kigango, anapokea, anatumia. Mfadhili aliye mbali anapelekewa ripoti yenye rangi nzuri. Waamini wa kigango, ambao watoto wao ndio waliopigwa picha, hawajui hata kiasi kilichoingia. Maskini amekuwa mtaji, na mwenye mtaji hapewi hesabu. Jambo hilo katika biashara lingeitwa dhuluma. Katika Kanisa haliwezi kuitwa huduma.

6. Wanaotoa wako wapi?

Tumesema juu ya wengine; sasa tujigeukie. Kwa nini mabinti wa Gorong'a wanalishwa na watu wa mbali kuliko wa Gorong'a? Tunasema sisi ni maskini. Lakini harusi zetu zina ng'ombe, misiba yetu ina sufuria kubwa, na msimu wa saro wenyewe una pombe, nguo mpya na zawadi za fedha kwa aliyekeketwa. Kumbe fedha zipo kwa ajili ya kisu. Za kumnusuru binti ndizo zinazotafutwa ng'ambo.

Jambo hili lina madhara makubwa kuliko upungufu wa unga. Kila gunia linapotoka nje, mzee anayeshikilia ukeketaji hupata neno la kusema barazani: haya ni mambo ya wazungu, wanawanunua watoto wetu kwa fedha zao. Hatuwezi kumjibu kwa hotuba. Tutamjibu siku jirani yake mwenyewe atakapobeba debe la mahindi kichwani, mchana, mbele ya macho ya watu, kulipeleka kwa mabinti. Debe hilo dogo litakuwa na sauti kuliko kontena la nguo, kwa sababu hakuna atakayeweza kusema kwamba limetoka Ulaya.

Nasi si wageni wa kushirikiana. Wakurya wana risaga, majirani wanapokusanyika kumlimia mmoja leo na mwingine kesho, bila kuulizana nani tajiri. Katika Jimbo letu la Musoma, huko Nyarombo, Wakristo walikwisha kukutana katika jumuiya ndogo tangu mwaka 1966, kabla Maaskofu wa Afrika Mashariki hawajazifanya jumuiya hizo kuwa mpango wao wa kichungaji katika miaka ya 1970. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba kutegemea fedha za wengine kama msingi wa maendeleo ni kujidanganya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mjane wa hekaluni, katika Marko sura ya 12, Bwana hakumwonyesha kwa wanafunzi kama mtu wa kuhurumiwa. Alimwonyesha kama mtoaji aliyewapita matajiri wote. Katika barua zetu za kuomba, lini tuliwahi kumwonyesha maskini wa Gorong'a akiwa anatoa?

7. KUTENDA: Tunapendekeza haya

Kwanza, sura, jina, kijiji na ukoo wa mtoto aliyekimbilia hifadhi visitolewe kwa njia yoyote ile, hata kwa mfadhili mwema. Picha ikihitajika, ionyeshe jengo, jiko, shamba, mikono inayofanya kazi, au watu wazima walioridhia.

Pili, binti apate kwanza maji, chakula, matibabu na mahali pa kulala. Maelezo yake yachukuliwe na wahusika wa ustawi wa jamii na polisi, mahali pa faragha, mara moja, asirudishwe kulisimulia jeraha lake kwa kila mgeni.

Tatu, habari tunazozitoa ziwe za kweli. Mwenye wazazi asiitwe yatima.

Nne, mtu asichangishe kwa jina la parokia, kigango au kikundi cha Kanisa bila ruhusa ya maandishi, wala fedha zisipitie namba ya mtu binafsi.

Tano, hesabu za kila mchango, uwe wa ndani au wa nje, zisomwe kwa waamini na kubandikwa ubaoni kwa Kiswahili, kila baada ya miezi mitatu.

Sita, kila Jumuiya Ndogo itenge mavuno kidogo kwa ajili ya mabinti kabla ya Desemba ya saro, na iyapeleke yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Saba, vijana wetu wenye ujuzi wa simu na kompyuta wapewe utume wa kutangaza Neno la Mungu, kueleza sheria na kuwafundisha wazazi madhara ya ukeketaji. Wasiachiwe kazi ya kutafuta machozi ya kupiga picha.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, imewahi kutokea katika kigango chetu mtoto kupigwa picha kwa ajili ya kuomba msaada? Wazazi waliulizwa? Picha ilikwenda wapi?
2. Someni Marko 5:35-43. Kwa nini Bwana aliwatoa watu nje? Sisi tungekuwa kati ya waliobaki au waliotolewa?
3. Msimu uliopita familia yetu ilichangia nini katika sherehe za saro, na ilichangia nini kwa mabinti waliokimbia?
4. Ni nani katika jumuiya yetu atakayepeleka debe la kwanza, na siku gani?

Ndugu zetu, Desemba hurudi. Binti atakayekimbia usiku huo huenda sasa anachota maji mbele ya nyumba yako. Akifika, akute mlango, chakula, na watu wanaojua kufunga midomo yao. Na yule mzee aliyeambiwa kwamba amekufa, tumwendee nyumbani kwake, tumwombe radhi, tumrudishe jumuiyani.

Wenu katika Kristo,
Tume ya Haki na Amani